Baba, usimlaumu Fadlu

Toronto, mwisho wa Septemba 2025

Baba, shikamoo.

Naandika kwa sababu ya simu ya Jumapili. Nilikupandishia sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu unizae, halafu nikakata kabla hujamaliza. Tangu siku ile nikitoka kazini usiku nakuwa na lile neno kifuani. Nisamehe, mzee wangu. Sauti ile naiombea radhi. Hoja yenyewe bado naisimamia, na nimeona niiandike, maana mimi na wewe kwenye simu tukishafika kwa Simba hakuna anayemsikia mwenzake.

Kabla sijasahau: ada ya Zuhura nimeituma juzi, Mama aangalie. Ya king'amuzi nimeiweka humo humo, lipieni mapema msije mkakatiwa mechi ikiwa katikati. Ya Baba Mdogo Rajabu itasubiri mwezi ujao, mwambie sijaisahau. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ndiyo kwanza inaanza.

Sasa turudi kwenye neno lako juu ya Fadlu, kocha aliyetuacha Simba akaenda Raja ya Morocco. Ulisema, "Afadhali Fadlu kaenda zake Raja, angetufungisha na ya saba." Hilo ndilo lililonichoma, Baba. Tuhesabu basi vipigo vya watani zetu Yanga, mimi na wewe, bila hasira.

Novemba 2023, tano moja, kwenye benchi yupo Robertinho. Aprili 2024, mbili moja, yupo Benchikha. Agosti mwaka huo huo kwenye Ngao ya Jamii, moja bila, ndiyo kwanza Fadlu ameingia. Oktoba moja bila, tena bao la kujifunga. Juni 2025, siku ambayo ubingwa wenyewe ulikuwa mezani, mbili bila. Na juzi hapa Septemba 16, Ngao tena, Pacome, moja bila. Mechi sita, makocha watatu, Mbrazili, Mwaljeria na huyu wa Afrika Kusini. Kama shida ingekuwa mtu mmoja aliyesimama pale pembeni ya uwanja, si ingeondoka na Robertinho?

Na Robertinho nina deni naye. Wewe unajua usiku ule wa tano nilivyokuwa. Kibu aliposawazisha nilidhani tumerudi mchezoni. Kipindi cha pili kikaja Maxi, Aziz Ki, Maxi tena, halafu penalti ya Pacome. Nilikuwa wa kwanza kwenye kundi la familia kuandika kwamba huyu mzee aondoke kesho asubuhi. Siku mbili akaondolewa, na mimi nikafurahi. Yule yule aliyetupa Ngao pale Mkwakwani miezi mitatu nyuma! Yule yule aliyewafunga Wydad bao moja kwenye Uwanja wa Mkapa, tukatolewa Casablanca kwa matuta, tukiwa tumekufa kiume! Tulipata nini kwa kumtoa? Alikuja Benchikha, msimu haujaisha naye akaondoka, Mgunda akaitwa kuzima moto kama anavyoitwa siku zote. Tukamaliza wa tatu. Pointi 69, sawasawa na Azam, wao wakaenda Ligi ya Mabingwa kwa tofauti ya mabao na sisi tukaenda Kombe la Shirikisho. Ile furaha yangu ya Novemba inaniuma mpaka leo.

Sasa mtazame Fadlu alipofika. Alikabidhiwa kikosi ambacho nusu yake walikuwa hawajuani majina. Camara mgeni golini, Ahoua mgeni, Mukwala mgeni, Mutale mgeni, Okejepha mgeni, Chama ndiyo kwanza amevuka kwenda kwa watani. Watu wakasema msimu huo ni wa kujenga. Yeye akamaliza ligi na pointi 78, nyuma ya Yanga kwa pointi nne tu, na akatufikisha fainali ya Afrika, ya Shirikisho hilo hilo. Fainali, Baba! Mimi nilikua nikikusikia ukisimulia 1993, mlivyotoka sare Abidjan bila bao, mkaamini kombe limeshafika Dar, halafu Stella wakaja kuwafunga mbili mbele ya macho yenu. Nilidhani nitazeeka na hadithi yako tu. Fadlu akanipa ya kwangu.

Unaikumbuka ile ya Al Masry? Tumepigwa mbili kule Misri, tukarudisha mbili nyumbani, Mpanzu na Mukwala, halafu Camara kwenye matuta akageuka ukuta. Mimi nilikuwa kazini, simu nimeiweka ndani ya mfuko wa koti, sikio moja lina spika. Msimamizi wangu akaniuliza kama nimepata msiba, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia hapana, tumeingia nusu fainali.

Na ile asubuhi ya Mei 25, marudiano ya fainali, kwenu jioni. Picha kwangu ilikuwa inakwamakwama, nikampigia Zuhura, akaiacha simu mezani karibu na televisheni. Mutale alipofunga nilikusikia wewe kabla sijamsikia mtangazaji. Sauti yako ilikuwa ile ile ya zamani, ulipokuwa unanibeba begani nikiwa na fulana nyekundu iliyonifika magotini. Nilikaa chini sakafuni. Halafu kadi ya Kagoma, halafu bao la Mukwala likafutwa, halafu wale Berkane wakasawazisha mwishoni kabisa, na pale mezani sikusikia kitu tena, kimya tu na Mama akisema "basi, basi". Watu kumi kwa karibu kipindi kizima, na bado tulikuwa tunawashambulia. Timu inayofundishwa vibaya haichezi hivyo, Baba. Nakataa.

Nina haki ya kusema hili kuliko mwaka jana, na sababu sijakuambia vizuri, tuliishia kugombana. Nimepata cheti cha ukocha, kile cha hatua ya kwanza. Na Jumamosi iliyopita watoto wangu, wale wa chini ya miaka 12, wamechukua kombe la mtaa! Mimi ndiye kocha wao mkuu, Baba. Wazazi walinibeba juu. Picha nimemtumia Mama, mwambie aikuze, mimi ni yule niliyevaa kofia nyekundu, unajua nyekundu ya nini. Msimu wa kwanza, mwaka jana, tulifungwa karibu kila wiki. Mzazi mmoja alitaka nitolewe, akaniandikia barua kabisa. Wengine wakasema apewe muda. Ilinichukua miezi minane kuwafundisha watoto kumi na mmoja kwamba mpira ukipotea, aliye karibu anaukimbilia na wengine watatu wanasogea nyuma yake. Jambo moja tu hilo. Mwezi wa tatu walikuwa wanakimbia wote kwa pamoja kama kuku, mwezi wa sita wawili wamelielewa, mwezi wa nane timu nzima ikaanza kusogea bila mimi kupiga kelele. Ningeondolewa mwezi wa tatu, anayekuja angeanza upya na lake.

Ndiyo maana nikimtazama Fadlu naona kazi niliyoizoea. Simba ya msimu uliopita ilikuwa inakaba kuanzia juu, mabeki wakitoa mpira chini kwa chini badala ya kubutua. Ilikuwa imeanza kukaa. Imeondoka naye.

Najua utanijibu nini, maana ulishanijibu: "Mbona Yanga walibadilisha makocha watatu msimu mmoja na bado wakabeba ndoo?" Kweli tupu. Gamondi walimtimua Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United mfululizo, Ramovic akaondoka mwenyewe Februari kwenda Algeria, Hamdi akamalizia na kutufunga zile mbili. Hoja hii ilinikosesha usingizi, sikufichi. Ila hebu angalia waliokuwa uwanjani. Diarra golini tangu 2021. Job tangu 2021. Bacca tangu 2022. Aziz Ki, Mudathir, Pacome, Maxi, wote wameshakula chumvi pamoja. Kocha wa Yanga akibadilika, wachezaji wanamfundisha yeye timu inavyocheza. Sisi tunabadilisha kocha na tunabadilisha wachezaji kwa mkupuo mmoja. Che Malone ameondoka, Ngoma ameondoka, nahodha Tshabalala ameondoka, na sasa kocha. Nani amebaki wa kumwonyesha mgeni njia? Kapombe peke yake?

Halafu msingi ule Yanga waliujengaje? Kocha wao Nabi aliingia Aprili 2021. Msimu ule ubingwa ulikuwa wetu, wa nne mfululizo, na fainali ya FA kule Kigoma Lwanga akawafunga. Nabi angekuwa kwetu angepanda ndege jioni ile ile. Wao walimwacha. Misimu miwili iliyofuata alichukua ligi yote miwili na akawafikisha fainali ya Shirikisho. Sisi kipindi hicho hicho tumepita Gomes, aliyeondoka siku mbili baada ya aibu ya Jwaneng Galaxy, akaja Pablo, akaja Zoran, akaja Mgunda, akaja Robertinho. Mimi Yanga siwapendi, Baba, unajua ulivyonilea. Lakini hili walitushinda kwa akili, na inaniuma kulisema kuliko zile tano.

Wachezaji nao wana sehemu yao, na hapa ndipo mimi na wewe tuko pamoja. Ahoua alifunga mabao 16 msimu uliopita, mfungaji bora wa ligi. Nampenda, mguu wake kwenye mpira wa adhabu ni wa dhahabu, waulize Stellenbosch. Lakini mechi nne za Fadlu dhidi ya watani, Simba haikupata hata bao moja. Dakika 360! Hilo halitoki kwenye ubao wa kocha. Wanakuja kwa Mkapa wanaona zile jezi za njano na miguu inakuwa mizito, pasi ya mita kumi mtu anairudisha nyuma. Ninayemtoa lawamani ni Kibu. Watu wanamcheka kwamba anakimbia tu, mimi namheshimu. Ndiye aliyefunga tulipowafunga mbili Aprili 2023, ndiye aliyefunga siku ya tano, ndiye aliyewaua Sfaxien dakika za mwisho. Huyo hajawahi kuiogopa jezi ya mtu. Nipe Kibu watano nikuondolee huu unyonge.

Na nahodha. Hapa, Baba, niruhusu niseme kama mtoto wako mkubwa.

Mdogo wangu Mussa ameniandikia. Amesema tangu amerudi nyumbani na jezi ya kijani humwiti kwa jina, unasema "huyo". Ameniandikia kurasa mbili, mtoto asiyependa kuandika. Kuhama timu ni kosa, tena kwenye nyumba ya mtu aliyeishabikia Simba toka ikiitwa Sunderland, na nimemwambia hivyo bila kumung'unya. Lakini kumbuka alianza lini kucheza beki wa kushoto. Alianza kwa ajili ya Tshabalala. Miaka 11 mtu yuko Msimbazi, Mussa hajawahi kumjua beki wa kushoto mwingine. Alikuwa anamwiga hata anavyovuta soksi. Halafu asubuhi moja anaamka anamkuta amevaa njano. Mimi nimelia kwa Chama nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Yeye ana miaka kumi na saba. Amemfuata mtu, hajaifuata Yanga, na Baba Mdogo Rajabu naye hakusaidia kumnunulia ile jezi siku ya pili yake. Hilo nitaongea naye mwenyewe, kwa heshima.

Usimfukuze sebuleni, Baba. Mechi ijayo mwache akae pale pale alipokuwa anakaa, karibu na miguu yako. Avae anachotaka. Mimi nikiwa mbali hivi naona nafasi yake iko wazi na yangu iko wazi, umebaki wewe na televisheni.

Kocha mpya hatujamjua bado. Akija, simjui jina, nakuomba kitu kimoja tu: tukifungwa mechi ya kwanza usiseme lolote mpaka Januari. Mimi nitanyamaza nawe. Nikishindwa, nikumbushe usiku wa Robertinho.

Na siku ya mechi Zuhura aiache tena simu mezani, upande wako. Nitapiga dakika kumi kabla. Huna haja ya kuongea na mimi, we tazama mpira tu.

Mama umsalimie sana, mwambie koti alilosema nimelinunua.

Mwanao,
Hamisi