Rangi ya moshi: barua kwa Mama Salma

Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mama Salma, shoga yangu,

Habari za Tanga? Wanao hawajambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mvua imetukamata na njia ya kwetu imegeuka mfereji. Barua yako nimekabidhiwa Alhamisi pamoja na yale machungwa, Mungu akuzidishie. Machungwa yamekwisha siku ile ile. Barua bado naisoma, kwa sababu ya lile swali la mwanafunzi wako.

Umesema uliwasimulia kazi yangu: kwamba nashughulika na galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zenye nguvu za kupindukia, ambazo karibu nguvu yao yote inatufikia kama joto, yaani mionzi ya infraredi, kwa kuwa mwanga wenyewe umezibwa na vumbi. Mtoto akanyoosha kidole: "Mwalimu, kama vumbi limeziba mwanga, huyo rafiki yako anatazama nini?" Shoga, mtoto huyo usimwachie. Swali lake ndilo nililolala nalo na kuamka nalo mwaka huu mzima.

Mwambie hivi. Unakumbuka tanuri la mkaa la babu kule Handeni? Magogo yamepangwa, juu yake nyasi, juu ya nyasi udongo. Moto wenyewe hatukuuona hata siku moja. Tulichopata ni joto la kuchoma uso tukisogea, na moshi uliokuwa ukitoka kwenye vile vitundu vya ubavuni. Babu hakufukua. Alichuchumaa akatazama moshi. Ukiwa mweupe mzito, magogo bado yanatoa maji. Ukianza kuwa mwepesi wa buluu, mkaa unakaribia kuiva. Kazi yangu ni ile ile ya babu. Joto linaniambia kwamba ndani mna moto mkubwa. Mwanga mdogo unaopenya kwenye vitundu ndio unaoniambia ni moto wa namna gani.

Joto lilipimwa kwanza. Januari 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti ya IRAS, darubini ya kioo cha sentimeta 57 iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji ili joto lake yenyewe lisiifumbe macho. Ilifanya kazi miezi kumi tu, heliamu ikaisha. Lakini katika miezi hiyo ilipiga ramani ya karibu anga zima, na ndani yake zikaonekana galaksi ambazo kwenye picha za kawaida ni madoa hafifu, kumbe kwa infraredi zinawaka kuliko Majua trilioni moja. Iliyo maarufu kuliko zote ni Arp 220, kwenye kundinyota la Nyoka, umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 250. Watu walikuwa wameshaipiga picha zamani, wakaiorodhesha kama galaksi yenye umbo la ajabu, basi. Kumbe ndani ya umbo lile mna galaksi mbili zilizogongana na viini vyake viwili bado vinazungukana.

Na hapo ndipo ubishi ulipoanza: nguvu yote hiyo yatoka wapi? Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni nyota changa. Galaksi mbili zikigongana, gesi inaporomoka katikati, inasongamana, na nyota zinazaliwa kwa kasi ambayo galaksi yetu, Njia Nyeupe, haiijui. Nyota kubwa changa hutoa urujuanimno mwingi, mwanga wa nguvu usioonekana kwa macho, vumbi linaumeza, linapata moto, linautoa upya kama infraredi. Wa pili ni shimo jeusi kubwa la katikati, linalomeza gesi hiyo hiyo. Kabla gesi haijazama inazunguka kama maji kwenye mdomo wa shimo la choo, inasuguana, inapata joto kali, nayo inatoa urujuanimno na eksirei. Vumbi halichagui. Linameza ya nyota, linameza ya shimo, nje inatoka infraredi inayofanana. Mwaka 1988 David Sanders na wenzake walipendekeza kwamba galaksi hizi ni kwasari, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa kupita kiasi kwa sababu ya shimo jeusi linalokula, zilizo bado ndani ya kifuko cha vumbi, na kwamba siku moja vumbi litapeperushwa kwasari ionekane. Mimi pendekezo hilo lilinishika tangu siku ya kwanza niliyolisoma, nami nikalipenda kupita kiasi, kama utakavyoona.

Sasa moshi. Ukiupitisha mwanga wa galaksi kwenye spektrografu unapata utepe wa rangi, na juu ya utepe kuna mistari inayong'aa, kila mmoja na atomu yake. Mahali pa mstari tunapataja kwa urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanometa. Haidrojeni ina mmoja mwekundu kwenye nanometa 656.3 na mwingine wa samawati kwenye 486.1. Oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili ina wa kijani kwenye 500.7, naitrojeni ina wake kwenye 658.4, pembeni kabisa ya ule mwekundu wa haidrojeni. Kuing'oa oksijeni elektroni ya pili kunahitaji mwanga wa nguvu, elektronivolti 35 hivi kwa kipimo chetu cha nishati. Nyota changa wanao mwanga huo kiasi. Gesi inayozama kwenye shimo jeusi inao kwa wingi, na eksirei juu yake. Kwa hiyo oksijeni ya kijani ikiwa kubwa mno ukiilinganisha na haidrojeni ya samawati, na naitrojeni nayo ikiwa kubwa ukiilinganisha na haidrojeni nyekundu, unaanza kushuku shimo jeusi. Njia hii waliitunga Baldwin, Phillips na Terlevich mwaka 1981. Kinachonifurahisha ni kwamba mistari tunayoilinganisha hapa ni jirani. Vumbi linakula samawati kuliko nyekundu, lakini majirani wawili wanaliwa karibu sawasawa, hivyo uwiano wao unabaki mkweli. Waeleze watoto hilo taratibu, ni zuri sana.

Galaksi niliyopewa kuichunguza imetoka kwenye orodha ya IRAS, na spektra yake, yaani ule utepe wa rangi, sikuipima mimi. Ilipimwa na darubini ya mita 2.5 ya Apache Point, New Mexico, katika mradi wa Sloan wa kupiga ramani ya anga, ambao data zake ziko wazi kwa mtu yeyote duniani. Pale walikuwa na mabamba ya alumini yaliyotobolewa matundu 640, kila tundu mahali pa kitu kimoja angani, na mchana watu walikuwa wakichomeka nyuzi za kioo kwa mikono, uzi mmoja mmoja. Ndiyo maana nawaza vitundu kila siku. Mwanga wa galaksi yangu ulisafiri miaka bilioni 1.4 ukaingia kwenye tundu moja la bamba.

Nikaufungua usiku mmoja hapa hapa mezani. Kwa kuwa galaksi inatukimbia, mistari yote imesogea upande wa nyekundu: ile ya 656.3 nimeikuta kwenye 731. Nikapima oksijeni ya kijani. Kubwa! Nikaigawa kwa haidrojeni, jibu likaangukia ndani kabisa ya eneo la mashimo meusi kwenye mchoro wa akina Baldwin. Mama Salma, sikulala. Wiki iliyofuata nikasimama mbele ya wenzangu na msimamizi wangu nikasema nimeipata kwasari iliyo kwenye kifuko.

Siku mbili baadaye nilikuwa narudia hesabu ili niandike makosa ya vipimo, na hapo nikautazama mstari ambao nilikuwa nimeupuuza. Oksijeni ile ile ina mstari mdogo kwenye 495.9. Yote miwili inaanzia ngazi moja ya nishati ndani ya atomu, kwa hiyo mkubwa lazima uwe mara tatu ya mdogo. Hapa, Arp 220, popote, mara tatu. Wangu ulikuwa karibu mara saba.

Nikakaa kimya kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Kisha nikapiga hesabu: 500.7 ya galaksi yangu, ikishasogezwa, inaangukia 557.8. Na kwenye 557.7 kuna mstari mwingine wa kijani, mkali, wa oksijeni pia, lakini si wa galaksi. Ni wa hapa kwetu, wa hewa ya dunia, kilometa 100 hivi juu ya vichwa vyetu, inayong'aa kidogo usiku kucha. Programu inauondoa, ila mabaki yanabaki, na mabaki hayo yalikaa sawasawa juu ya mstari wangu. Nilikuwa nimepima anga la New Mexico nikaliita shimo jeusi.

Nikauacha mstari mkubwa, nikaupima mdogo, nikauzidisha kwa tatu. Nikarekebisha pia haidrojeni ya samawati, kwa kuwa nyota wa galaksi yenyewe wanaila kidogo kwa chini. Galaksi ikashuka. Sasa iko mpakani, kati ya eneo la nyota changa na lile la mashimo. Nilirudi mbele ya watu wale wale nikasema nilikosea, nikaonyesha ni wapi. Iliniuma, nakuambia ukweli. Lakini nisingependa iendelee kuwa kosa langu ndani ya orodha ya mtu mwingine.

Usidhani mpakani ni mahali pa mtu aliyeshindwa. Sylvain Veilleux, D.-C. Kim na Sanders walichapisha mwaka 1999 spektra za galaksi 108 za aina hii. Kama asilimia 30 zilionyesha dalili za wazi za shimo jeusi linalokula, na kwa zile zenye nguvu kuliko zote, zaidi ya Majua trilioni mbili, ilikuwa karibu nusu. Mwaka mmoja kabla yao Reinhard Genzel na wenzake walitumia setilaiti ya ISO kupima mistari ya infraredi, ambayo vumbi haliizuii sana, wakakuta nyingi zinaendeshwa hasa na nyota changa, na angalau nusu zina vyote viwili kwa pamoja. Vyote viwili! Jibu hilo mwanzoni liliniudhi, sasa naona ndivyo inavyopasa kuwa: gesi inayozaa nyota ndiyo inayolisha shimo, na imeletwa na mgongano mmoja.

Ila mwanafunzi wako yuko sahihi kwa jambo moja, na umwambie limetoka kwangu. Mwanga wa kuonekana unatoka pale unapoweza kutoka. Haidrojeni nyekundu inapasa kuwa mara 2.86 ya samawati pasipo vumbi. Kwangu ni zaidi ya mara nane. Na hilo ni vumbi la vitundu tu. Lile la kati sijaligusa kabisa. Ipo galaksi iitwayo NGC 6240: moshi wake, ukiusoma kwa mwanga wa kuonekana, hauchagui upande. Mwaka 2002 darubini ya eksirei ya Chandra ikaonyesha kwamba ndani yake mna mashimo meusi mawili, yote yanakula, yameachana kwa miaka ya mwanga kama 3,000. Babu angesema moshi haukudanganya, ulikuwa wa magogo ya ubavuni.

Kwa hiyo nimeandika maombi ya muda wa darubini ya eksirei. Wakinikubalia nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Na wewe, chukua sidii kuukuu na boksi la viatu. Kata mwanya mwembamba upande mmoja, weka sidii imeinama upande wa pili, toboa tundu la kuchungulia, elekeza kwenye taa ya tyubu ya darasani. Wataona mstari wa kijani umesimama peke yake. Huo ni wa zebaki iliyo ndani ya tyubu, nanometa 546. Kisha waielekeze kwenye balbu ya waya ya zamani, kama bado mnayo, wauone mstari umepotea na rangi zimeungana. Huyo aliyeuliza swali achungulie wa kwanza, na achore anachokiona kabla hujamwambia chochote. Mchoro wake nitumie, naomba sana.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua nitampa shemeji akipita mwezi ujao.

Shoga yako,
Z.