Ukoo wetu tulipewa na karani wa mkonge

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyesema wazazi wa Pwani tuache kuwaita watoto Shida, Tabu, Mashaka na Sikudhani kwa sababu eti jina ni dua na mtoto hufuata jina lake. Mi nna shangazi yangu anaitwa Tabu, ana nyumba mbili Makorora na meno yote kinywani, tabu yenyewe sijui iko wapi. Tabu ilikuwa ya mama yake, alikaa na uchungu siku mbili, walipoona mtoto katoka mzima wakasema basi huyu ndo Tabu. Na wengine jina baya walipewa makusudi, mama kashazika watoto watatu, huyu wa nne anapewa jina la hovyo ili kifo kimdharau kimpite. Ukitafuta kwenye simu "maana ya Tabu" hayo huyakuti.

Hata haya ya siku na miezi yana vituko vyake. Mi naitwa Mwanaidi na kila mtu ananiuliza ulizaliwa Idd ndogo au kubwa, sikuzaliwa Idd yoyote, nimezaliwa masika siku ya kawaida kabisa. Aliyezaliwa Idd ni bibi mzaa baba, mi nimerithi jina tu. Mtazameni Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga, ukisikia hilo jina unasema huyu kazaliwa mwezi wa Mlisho, ndo Shaaban wenyewe, lakini tarehe inayoandikwa ni 1 Januari 1909 na ukirudisha hesabu kwa kalenda ya Kiislamu unaangukia Mfunguo Tatu, Idd kubwa iko mlangoni. Kwa hesabu hiyo angeitwa Idi.

Sasa nije kwenye langu lililoniuma, nalo ni jina la ukoo.

Sie watu wa Pwani wengi hatukuwa na kitu hicho, mtu ni jina lake, la baba yake na la babu yake, akizaa mwanawe yule babu wa mwisho anadondoka. Wenye ukoo wapo, ukisikia Shekilindi au Shemdoe unajua huyu ni wa huku kwetu, Msambaa, Mbondei au Mzigua, na wala haulizwi mara mbili. Lakini fomu siku hizi zote zina kisanduku cha jina la mwisho, kwa hiyo kila mtu anajaza anavyojua.

Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, shamba lenyewe liko upande wa Muheza. Vijana wangapi waliletwa huku kutoka Songea, Kigoma mpaka Burundi, ndo maana Tanga hii ukipita mitaani utasikia akina Komba, Haule na Ndunguru wanaongea Kiswahili cha Tanga kuliko mimi. Babu alipofika karani akamuuliza jina akasema Ngonyani, karani akamwambia akina Ngonyani washakuwa wengi kwenye daftari langu mtanichanganyia mishahara, akamwandika Songea. Hivo tu. Kipande chake, kile kikadi cha siku thelathini ambacho kila siku ukimaliza kazi unatiwa alama, baba alikihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, kimeliwa na mende pembeni lakini SONGEA inasomeka kwa penseli. Baadae akampenda bibi, Mbondei, akasilimu ndo amuoe, akaitwa Rajabu. Basi akawa Rajabu Songea mpaka anazikwa.

Mi kwenye cheti changu niko Mwanaidi Hamisi Rajabu. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, aliandikishwa shule na baba mdogo akawekwa jina lake halafu Hamisi Songea. Hatukuona shida miaka yote hiyo mpaka baba alipofariki tukaenda kufuatilia mirathi kwenye ofisi moja hapa mjini, yule dada wa kwenye kompyuta anatazama vyeti, anatutazama sisi, anauliza, "Nyie ni ndugu kweli?" Tunafanana pua mpaka masikio! Tukaenda kwa wakili tukaapa, tukalipa hela, tukarudi, tukaambiwa muhuri haujakaa sawa, tukaenda tena. Wiki tatu tunathibitisha kwamba baba yetu ni baba yetu.

Ukinambia tatizo la majina ni Tabu na Shida nakushangaa. Tabu anajulikana kwa nini ni Tabu. Watoto wetu wanajiita akina Songea na wanadhani ni ukoo, Songea hawajawahi kufika, na kule kuna akina Ngonyani ndugu zetu wa damu tunaweza tukapanda nao basi moja wasijue.

Mwezi uliopita mtoto wa mdogo wangu kapata mtoto wa kiume, wamemwita Jayden, mi sina ugomvi, kila zama na majina yake. Ila fomu ya cheti ilipofika kwenye kile kisanduku nikawaambia hapo andikeni Ngonyani. Baba mtu akainua kalamu akaniuliza, "Shangazi, Ngonyani ndo nani?"

Nikaenda kutafuta kopo la chai.

Bi Mwanaidi,
Ngamiani, Tanga