Gurumo alikuwa mfanyakazi mwenzetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila ikifika Aprili 13, wapo wachache wanaomkumbuka mwimbaji wa muziki wa dansi Mzee Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 74. Habari ni ile ile: mzee aliimba miaka 53, akastaafu 2013 akisema hana hata gari, Diamond Platnumz akampa. Kijana alifanya la maana, Mungu amzidishie. Lakini hilo gari mzee hakukaa nalo hata mwaka. Ile miaka 53 ataisimulia nani?

Mimi nilianza kazi ya ufumaji katika kiwanda cha nguo mwaka 1972. Kila mwisho wa mwezi mshahara ulikuja umeshamegwa makato ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Wenzangu walilalamika, mimi nikiwaambia tulieni, hizo ndizo nyuzi za magitaa. Maana NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama: vyombo mali ya chama, wapigaji na waimbaji wameajiriwa, wanasubiri mshahara kama sisi. Gurumo alikuwamo tangu 1964. Nikienda dansini nikimwona jukwaani, nilimhesabu ni mwenzangu, yuko zamu ya usiku.

Jina lake lilikuwa la radi, sauti haikuwa ya radi hata kidogo. Sisi wafumaji masikio yalishazibwa na mashine, ukitaka kusema nasi sharti upige kelele. Lakini maneno ya Gurumo niliyapata moja moja, kama mtu anayekusimulia jambo barazani.

Mwaka 1978 akaondoka kwenda kuanzisha na wenzake bendi ya Mlimani Park, tuliyoiita Sikinde, na vita ikaingia nyumbani kwangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Sikinde damu, mimi Msondo, yaani ile bendi ya chama. Nyumba nyingi za Dar es Salaam ziligawanyika hivyo, kama Simba na Yanga. Jumapili anapiga pasi shati lake la kwendea dansini ukumbi wa DDC Kariakoo, huku ananichokoza: "Mtu wenu yuko kwetu, mama watoto." Ninanuna. Kisha ninajitanda kanga nyuma yake, maana nikibaki nyumbani nitasikia nini? Mwimbaji mwenzake Bitchuka akipaa na ile sauti yake nyembamba, Gurumo yuko chini ameushika wimbo usipeperuke. Isitoshe, sikinde ni ngoma yetu Wazaramo, na Gurumo mtoto wa Masaki ya Kisarawe (siyo ile Masaki ya majumba ya kifahari). Ningenuna mpaka lini?

Mwaka 1985 akahamia bendi nyingine, Orchestra Safari Sound, wenyewe wakiiita Ndekule, tukamkosa wote wawili, nyumba ikapoa. Baadaye akarudi Juwata, bendi ile ile ya NUTA ya zamani, ambayo ikaja kuitwa OTTU na mwishowe Msondo Ngoma. Safari hiyo pasi niliishika mimi, tena niliimba.

Kila alipohama, gitaa, spika na maikrofoni vilibaki kwa mwajiri. Yeye aliondoka na koo lake tu, akaanza upya kwa mwingine. Ndiyo maana ile habari ya kukosa gari hainishangazi. Mimi pia nilistaafu bila gari, na hakuna aliyeandika gazetini.

Ombi langu ni kwa watangazaji wa vipindi vya zilipendwa. Tajeni majina. Nani katunga, nani kaimba, solo kapiga nani, saksafoni kapuliza nani. Nyimbo walizorekodi Radio Tanzania bado mnazitumia kujaza saa zenu, lakini wimbo ukifika kwenye chemko, pale watu walipokuwa wanavua viatu, mnaukata kupisha tangazo la sabuni. Mkirudi ni "huo ulikuwa mmoja wa zamani," basi.

Mume wangu alikuwa akiijibu redio: "Gurumo huyo! Mbona husemi?" Nilikuwa namcheka. Juzi jioni nachambua mchele, ukapigwa wimbo, ukakatwa, halikutajwa jina. Mjukuu wangu akatoka chumbani mbio: "Bibi, unagombana na nani?"

Mfumaji mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam