Mheshimiwa Waziri, mbegu za ng'ombe zipimwe zikishafika Rungwe

Kwako Waziri wa Mifugo na Uvuvi,

Mheshimiwa, huku Tukuyu, wilayani Rungwe, ng'ombe akihimilishwa, yaani akipandikizwa mbegu za dume bila dume mwenyewe, na baada ya siku 21 akarudi kwenye joto, yaani hakushika mimba na anataka dume tena, wa kwanza kulaumiwa ni mfugaji. Utaambiwa ulichelewa kupiga simu, ng'ombe amekonda, humpi madini. Mara nyingi ni kweli. Ng'ombe aliyeanza joto asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeanza jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Wapo wenzetu wanaomkumbuka mtaalamu wakishamaliza kuchuma chai. Lakini ng'ombe wa kijiji kizima, waliohudumiwa kwa mtungi mmoja wa mbegu, wakirudia joto karibu wote, tuache kuulizana habari za madini. Tuulizane habari za mtungi.

Mbegu huhifadhiwa ndani ya kimiminika cha naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo hudumu miaka mingi bila kuharibika. Kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, na naitrojeni hupungua kila siku hata mtungi ukiwa umefungwa vizuri. Halafu mtungi mdogo hupanda pikipiki na kuzunguka nayo vilima vya Rungwe.

Mbegu hufungwa ndani ya mirija, na mrija unaotumika sana una ujazo wa mililita 0.25. Ni mwembamba, sekunde chache tu nje ya ubaridi ule zinatosha kuudhuru. Nimesimama bandani kwangu nikamtazama mhimilishaji akivuta kikombe cha mirija mpaka juu ya shingo ya mtungi, juani, akisoma namba za madume kwenye mirija, mmoja mmoja, huku anaongea na simu. Alipompata aliyemtaka, mirija mingine akaishusha tena chini. Itaganda upya, sawa, lakini mbegu zilizokwisha kuumia hazifufuki. Wa kijiji cha pili atauziwa hizo hizo, kwa bei ile ile.

Na hakuna mfugaji anayeweza kulitambua hilo kwa macho. Mbegu iliyokufa haibadiliki rangi wala harufu. Inajulikana kwa hadubini. Vituo vingi vya uzalishaji huyeyusha sampuli ya kila kundi la mbegu, na kama mbegu zinazoogelea kwenda mbele hazifiki takriban asilimia 40, kundi lote hutupwa. Kipimo kizuri sana hicho, ila kinafanyika kabla ya safari. Baada ya safari, nani anapima?

Kuyeyusha nako kuna mambo yake. Mrija unatakiwa uingie kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa muda usiopungua sekunde 30, na maji hayo yapimwe kwa kipimajoto, si kwa kuchovya kidole. Juni na Julai, Mheshimiwa, asubuhi ya Tukuyu unaijua au umesimuliwa. Mbegu iliyokwisha kuyeyuka ikiwekwa kwenye chuma cha kuhimilishia kilichopigwa na baridi hiyo, inashtuka na kufa mikononi mwa mtaalamu mwenye cheti.

Sisemi wahimilishaji ni wazembe. Wengine wanajaza naitrojeni kwa fedha zao, na ikichelewa wanafanya kazi na kilichobaki. Ndiyo maana naiandikia wizara badala ya kugombana na kijana wa pikipiki.

Ombi langu ni hili: hadubini iwepo karibu na ng'ombe, angalau ngazi ya wilaya, na mirija michache ya kila mtungi ipimwe mara kwa mara. Kina cha naitrojeni kiandikwe kwenye daftari ambalo mfugaji anaruhusiwa kulisoma. Na kwenye risiti iandikwe namba ya dume na ya kundi la mbegu, ili ng'ombe wakirudia joto tujue pa kuanzia.

Hilo lisipofanyika, watu watarudi kwa dume la jirani, na wengine wameshaanza. Dume hilo linapanda mabinti zake mwenyewe, na linapita banda hadi banda na magonjwa ya kutupa mimba. Kazi ya miaka mingi ya kuboresha kosaafu, yaani uzao wa ng'ombe, za huku itarudi nyuma.

Siku ukija Rungwe kwa ziara, kabla ya hotuba omba mtungi wowote ufunguliwe mbele yako, na kijiti cha kupimia kina kichovywe. Alama ya barafu itakayobaki kwenye kijiti utaisoma mwenyewe, hutahitaji taarifa ya mtu.

Wako,
Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Rungwe