Mbono uacheni kwenye ua, mashamba yetu mtuachie

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba kijinafasi na mimi niseme kuhusu hizi habari za kulima mbono (ule mbono kaburi wa kuzungushia ua, mbegu zake zina mafuta) ili tupate dizeli, maana kila baada ya muda wanaibuka watu wanatwambia Pemba kuna ardhi imelala. Ardhi gani hiyo jamani? Huku Micheweni kila panapoota mhogo pana mwenyewe, na penye mawe matupu hata huo mbono hautozaa kitu cha maana. Kuota utaota, unaota hata makaburini, lakini kuota na kuzaa mbegu za kujaza mapipa ni mambo mawili, unataka maji na mbolea kama mmea mwengine. Waulizeni wa Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ilichukua ardhi kubwa kwa mbono huo huo, mwisho ikafilisika wanavijiji wakabaki wanashangaa. Na mashudu yake sumu, ng'ombe hapewi.

Sasa mie sisemi tuache, nasema tuanze na mafuta yaliyopo. Mahoteli ya Nungwi na Paje na wauza chipsi wa mjini, yale mafuta yao meusi yanakwenda wapi? Mengine mtaroni, mengine (Mungu atunusuru) yanakaangiwa tena na tena tunalishwa sie. Yachujwe, yakaushwe maji, yatiwe methanoli (aina ya spiriti) na kostiki soda kidogo, ile ile ya kina mama wanaotengeneza sabuni za mwani, yakitulia dizeli inakaa juu na gliserini inazama chini. Methanoli lakini si ya kuchezea, ni sumu na inashika moto upesi, kwa hiyo iwe karakana yenye fundi aliyesomea, sio jikoni kwa mtu.

Na mbata, nazi kavu, jee? Ufilipino walianza 2009 kutia asilimia 2 ya dizeli ya mafuta ya nazi kwenye dizeli ya kawaida kwa sheria, ila kwa bei ya nazi ya sasa huku bora tuiungie mchuzi. Afadhali mbegu za msufi, zile nyeusi tunazozitupa tukichambua sufi za mito, zina mafuta zile na hakuna anaezigombania.

Wenye maboti msifurahi sana, mashine za kupachika nyingi ni za petroli, haya ni ya injini za dizeli tu, magari na majenereta ya hayo hayo mahoteli.

Manispaa waanze na mapipa ya kukusanyia kwenye mahoteli, na wanaokuja na ramani za mashamba ya mbono waulizwe kwanza hilo shamba la nani.

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba