Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Zile kilomita 50 za Mikumi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KIPANDE CHA BARABARA KUU NDANI YA HIFADHI YA TAIFA YA MIKUMI

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, basi habari za kazi.

Mimi ni abiria tu. Kwa miaka kadhaa sasa nasafiri kati ya Iringa na Dar es Salaam, mara mbili kwa mwezi pale mfuko unaporuhusu, na katika njia nzima ile kuna kipande kimoja ninachokisubiri. Basi likishauacha mji wa Mikumi, naweka simu mfukoni na kufuta kioo kwa kiganja.

Safari moja nilikaa jirani na bibi aliyekuwa anampeleka mjukuu wake Morogoro. Mtoto wa miaka mitano hivi, usingizi umemlaza mapajani. Tulipofika uwanda wa Mkata, pale miti inapopungua na macho yanakwenda mbali mpaka milimani, bibi alimtikisa: "Amka baba, amka uone." Twiga wawili walikuwa ukingoni mwa lami. Mmoja anatafuna taratibu, shingo imepita juu ya kibao cha barabara. Mtoto hakupiga kelele. Aliweka tu kiganja kwenye kioo. Dereva naye hakugusa breki, na twiga akapita dirishani kama nguzo ya umeme.

"Bibi, mwambie arudi."

Watu wa viti vya karibu walicheka. Mpaka leo sijui mtoto alitaka nani arudi, twiga au dereva.

Mheshimiwa, hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Tunduma inaikata kwa takriban kilomita 50. Tukizungumzia utalii wa ndani tunazungumzia geti, kiingilio, gari la kukodi na picha za familia iliyovaa kofia pana. Lakini hebu waulize watu wa Njombe, Songea au Mbeya walimwona wapi tembo wao wa kwanza. Wengi watakujibu: Mikumi, nikiwa kwenye basi. Hawakulipa kiingilio na hawakuandikwa kwenye kitabu chochote cha wageni. Mimi nawahesabu kuwa watalii, na ninachokuomba ni kuwa wizara yako nayo iwahesabu hivyo.

Maana kwa sasa barabara ile inatendewa kama kikwazo cha kuvukwa haraka. Vipo vibao vya mwendo, yapo matuta, na vipo vile vibao maarufu vinavyoorodhesha faini ya kila mnyama akigongwa, ambavyo abiria huvisoma kama bei za buchani. Navikubali vyote. Shida ni kwamba faini inakuja mnyama akishakufa, na aliyegonga saa nane usiku hasimami kujitangaza. Matuta nayo yanapunguza mwendo pale yalipo tu. Dereva akishalivuka moja anakanyaga mafuta kufidia, mpaka lingine.

Wanyama wenyewe hawaji barabarani kwa ujinga. Maji ya mvua huteleza kwenye lami na kuishia pembeni, kwa hiyo majani ya ukingoni huchipua mapema na kubaki mabichi muda mrefu kuliko ya porini. Swala analijua hilo vizuri. Nyani wanakuja kwa sababu nyingine, nayo ni sisi: maganda ya ndizi, mahindi ya kuchoma yaliyobaki, chupa za juisi. Nimewaona wakikaa ukingoni wakitazama mabasi kama watu wanaosubiri mgeni mwenye zawadi. Usiku lami inakuwa bado na joto la mchana, na mnyama akimulikwa na taa kali mara nyingi huganda palepale aliposimama.

Sasa tupige hesabu. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kugusa breki, ameshakula mita 33 kabla breki haijaanza kushika. Kwenye kilomita 50 kwa saa angekuwa amekula mita 21. Nguvu ya kishindo kwenye 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kwenye 50. Na gharama ya muda? Kipande chote kwa 80 ni dakika 38 hivi, kwa 50 ni saa moja kamili. Nikiomba kipande chote kiwe cha mwendo wa 50, tunabishania dakika 22, katika safari ambayo foleni ya kuingia Dar peke yake inaweza kumeza zaidi ya hizo.

Najua wenye mabasi watasema ratiba. Ratiba ni karatasi, inaandikwa upya. Mabasi ya mikoani tayari yana VTS, kifaa ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanafuatilia nacho mwendo, kwa hiyo kwa upande wa mabasi hakuna mtambo mpya wa kununua. Atakayemaliza kilomita 50 chini ya saa moja amejishtaki mwenyewe. Malori ndiyo kazi zaidi, nakiri, hasa yale ya mizigo ya Zambia na Kongo yanayopita usiku kucha. Huko ingetosha hata kadi ya kawaida yenye saa ya kuingia, inayokaguliwa upande wa pili.

Hili si jambo la ajabu duniani. Katika Hifadhi ya Shenandoah kule Marekani kuna barabara iitwayo Skyline Drive, urefu wake kilomita 169, na mwendo wa juu ni maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Ina karibu maegesho 70 ya kutazamia mandhari. Watu huenda kule kwa ajili ya barabara yenyewe! Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe. Utasema hizo si njia za malori, na hapo umenishika. Lakini hata Kenya, ambako barabara kuu ya Nanyuki na Meru inakatiza njia ya tembo, walichimba kivuko chini yake na tembo wanakitumia. Kila mahali walianza kwa kukubali kwamba barabara ni sehemu ya hifadhi.

Ombi langu kubwa ni dogo. Pale langoni, basi liruhusiwe kusimama dakika kumi. Abiria wote wa njia ile wanajua kuchimba dawa, na wanajua zinachimbiwa wapi: kichakani, akina mama wakishikiana khanga. Jengeni vyoo safi pale, na pembeni jukwaa la mbao lililoinuka, lenye uzio, linalotazama uwandani. Awepo askari mmoja wa hifadhi mwenye darubini na maneno mawili matatu. Mtu atashuka kwa haja ndogo na kupanda akiwa amemwona nyati. Kwingine kote ndani ya kile kipande tusishuke, simba hana habari na tiketi zetu, lakini panaweza kutengwa sehemu tatu nne pana za pembeni ambapo gari linajitoa njiani na kuzima injini, watu wakibaki ndani. Leo hii mwenye gari dogo anayetaka kutazama tembo anasimama katikati ya njia, na nyuma yake kuna semi limeshehena.

Najua pia kwamba lami ile si yako. Lami ni ya mwenzako wa Ujenzi, majani ndiyo yako, na mkipishana hapo katikati anayebaki ukingoni ni swala. Kaeni meza moja.

Ukitaka kuyaona haya, tafadhali usije na shangingi lenye king'ora, maana wakipisha king'ora hutaona kitu. Kata tiketi ya basi la asubuhi kutoka Iringa, na uombe kiti cha dirishani. Mimi nitakupisha changu.

Wako mtiifu,
Abiria wa njia ya Iringa