Asante, mzee wetu wa Kilolo

Mzee wetu, shikamoo. Hukupenda jina litajwe, basi shukrani zetu walimu wa jiografia Iringa zikufikie hivi hivi. Umetuonyesha kwamba milima ya Udzungwa haisomwi kwa kilele cha Luhombero (mita 2,576) pekee. Inasomwa kwa pande zake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda ukingo wa mashariki, hupoa, humwaga mvua. Ukifika uwanda wa juu wa Iringa umeshapungukiwa maji. Ndiyo maana upande wa mashariki, wa Kilombero, msitu huanza karibu mita 250 juu ya usawa wa bahari na kupanda mfululizo hadi kupita mita 2,000, jambo adimu sana Afrika Mashariki.

Na ile ramani ya 1:50,000! Sentimita 1 ni mita 500 za umbali wa mlalo, si za kufuata mteremko. Wanafunzi wengi huteleza hapo. Kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) zenye umbo la V huwachanganya zaidi: ncha ikielekea juu mlimani ni bonde, ikielekea chini ni mgongo. Ushauri wako wa kupaka mito penseli ya buluu kwanza umeondoa utata huo kabisa. Mungu akuzidishie afya, mzee.